CV iko mtandaoni miezi minane na simu hailii: kosa liko wapi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Nilimaliza stashahada ya uhasibu mwaka 2022, nikafanya kazi miaka miwili kwenye duka la vifaa vya ujenzi kama keshia na mtunza stoo. Duka lilipofungwa nilikwenda steshenari nikatengenezewa CV, nikaipandisha kwenye tovuti sita za ajira. Huu ni mwezi wa nane sijapigiwa simu, isipokuwa na mtu mmoja aliyesema CV yangu imechaguliwa, nitume shilingi 35,000 ili ipelekwe kwa mwajiri. Bado sijatuma. Nimejiandikisha pia Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini, lakini sijawahi kuitwa kwenye usaili. Je, tovuti hizi zinafanya kazi kweli, au nizifute zote?"

Jibu: Dada, hiyo elfu thelathini na tano usiitume. Tutairudia huko mbele, lakini jambo hilo lisingoje hata aya moja.

Tovuti zinafanya kazi, ila hazifanyi kazi uliyodhani zinafanya. CV iliyopandishwa tovutini haiombi kazi. Inakaa kwenye kanzidata pamoja na maelfu ya nyingine, ikisubiri mwajiri aandike maneno fulani kwenye kisanduku cha kutafutia, achague mji, abonyeze. Majina yanayokuja ni ya wale ambao CV zao zina maneno hayo hayo. Mwajiri hupitia ukurasa wa kwanza, labda na wa pili, kisha anaanza kupiga simu. Kama faili lako halisomeki na kompyuta, au lina maneno tofauti na yake, kwa mtafutaji huyo wewe haupo. Na hicho ndicho kinachoonekana kimekupata pande zote mbili, kwenye tovuti binafsi na Ajira Portal: umeweka, ukasubiri. Tuanze na faili lenyewe.

Steshenari nyingi huandika CV, huichapa, mteja anasaini, kisha ile karatasi inaskaniwa na kutumwa kama PDF. Kwa jicho lako ni CV. Kwa kompyuta ni picha, sawa na picha ya ukuta, haina hata neno moja ndani yake. Ulifanyie jaribio faili lako leo: lifungue kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl na C, fungua Notepad, ubandike. Kama hakuna kilichobandikwa, CV yako ni picha, na hiyo peke yake inatosha kueleza miezi minane ya kimya. Usilifanyie jaribio hili kwenye simu, kwa sababu simu nyingi za sasa zinaweza kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, zikakupa matumaini ambayo mfumo wa tovuti hauna.

Kama maneno yamebandikwa, soma mpangilio wake. CV zenye safu mbili, ile ya kushoto yenye rangi na ya kulia yenye maelezo, mara nyingi hutoka zimevurugika: mwaka wa shule unaangukia kwenye jina la kazi, ujuzi unachanganyika na wadhamini. Majedwali na visanduku vya maandishi huleta shida hiyo hiyo. Namba ya simu na baruapepe zikiwekwa kwenye kichwa cha ukurasa, yaani lile eneo la juu linalojirudia kila kurasa, baadhi ya mifumo huliruka eneo hilo zima, ukabaki mtu mwenye sifa asiye na simu. Ziandike ndani ya ukurasa wenyewe, chini ya jina. Alama ya kisimu au kibahasha haina maana kwa mfumo, kwa hiyo andika neno "Simu" na neno "Baruapepe".

CV inayosomeka ina safu moja, mwandiko wa kawaida kama Calibri au Arial wa ukubwa wa 11, vichwa vya sehemu kwa herufi nzito, na haizidi kurasa mbili. Picha yako haihitajiki isipokuwa tangazo limeiomba. Mwambie fundi wa steshenari akupe faili la Word, siyo PDF peke yake, uliweke kwenye baruapepe yako mwenyewe. Bila faili hilo utalipia kila marekebisho, na matokeo yake utaacha kurekebisha. Unapolihifadhi kuwa PDF, tumia amri ya kuhifadhi kama PDF ndani ya Word, wala usilichape ukaliskani.

Kuna kosa jingine la steshenari ambalo wengi hawalijui. Fundi huchukua CV ya mteja wa jana, anafuta, anaandika yako. Jina la yule wa jana hubaki kwenye sifa za faili, na mwajiri akiifungua PDF kwenye kivinjari, jina hilo linaweza kuonekana juu kabisa kwenye kichupo. Kwenye Word nenda sehemu ya taarifa za faili, angalia kichwa cha waraka na jina la mwandishi, weka yako. Hapo hapo tafuta mabaki ya mtu mwingine kwenye aya ya malengo, maana aya hizo hunakiliwa kutoka CV hadi CV mpaka mhasibu anajikuta ameandika kwamba anapenda kuhudumia wagonjwa. Jina la faili liwe majina yako na kazi unayoomba. "CV mpya final 2" haimsaidii mtu aliyepakua mafaili sitini mchana mmoja.

Sasa maneno. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo CV yako itakapobadilika kweli.

Waajiri wengi wa kampuni hutafuta kwa Kiingereza, kwa sababu matangazo yao yameandikwa hivyo. Kama CV yako inasema "keshia" peke yake, yule anayetafuta "Assistant Accountant" hakuoni, hata kama ulifunga hesabu kila jioni kwa miaka miwili. Fungua matangazo kumi ya kazi unayoitaka, yale ya miezi miwili iliyopita, na kwenye karatasi andika maneno yanayojirudia. Kwa msaidizi wa uhasibu utayaona yale yale: usuluhisho wa benki (bank reconciliation), fedha taslimu ndogondogo (petty cash), hesabu ya stoo, ankara za wauzaji, ritani ya VAT, PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), michango ya NSSF, mashine ya risiti ya EFD, programu kama Tally au QuickBooks, na Excel. Yale uliyoyafanya kweli yaingie kwenye CV yako, kwa tahajia na lugha iliyotumika kwenye tangazo. Usiyoyafanya yaache. Kwenye usaili utaulizwa VAT inawasilishwa tarehe ngapi. Jibu ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Aliyewahi kufanya kazi hiyo halihitaji daftari.

Linganisha maelezo mawili ya kazi ile ile ya dukani. La kwanza: "Nilikuwa keshia, nilipokea pesa na kutunza stoo, ninafanya kazi kwa bidii na kwa kushirikiana." La pili: "Nilitoa risiti za EFD kwa mauzo ya kila siku, nilifunga hesabu ya siku na kuilinganisha na fedha taslimu, M-Pesa na benki, nilihesabu stoo ya saruji, nondo na mabati kila mwisho wa mwezi na kuripoti upungufu, niliandaa kumbukumbu za ankara alizotumia mhasibu kuwasilisha VAT." Maelezo ya pili yana vitu vya kutafutwa, na yanamwonyesha mwajiri kwamba unajua fedha inapita wapi. Ongeza namba zako mwenyewe: mauzo kwa siku yalikuwa wastani wa kiasi gani, stoo ilikuwa na aina ngapi za bidhaa, ulisimamia wasaidizi wangapi. Namba moja ya kweli inamweleza msaili mengi kuliko sentensi tatu zenye maneno "mchapakazi" na "mwaminifu".

Juu kabisa, chini ya jina na mawasiliano, andika mistari mitatu tu: stashahada ya uhasibu na chuo, miaka miwili ya kazi na aina ya biashara, programu unazozimudu, na kwamba uko Dodoma na unaweza kuanza lini. Mji ni muhimu kuliko unavyofikiri. Mtu anayetafuta msaidizi wa ofisi yake ya Kisasa au Mtumba huchuja kwa "Dodoma". Ukiacha nafasi ya mji wazi kwenye akaunti, au ukiandika "Tanzania" peke yake, kichujio kinakuondoa kabla hata CV haijafunguliwa. Kama uko tayari kwenda Singida, Manyoni au Kongwa, liseme hilo pia.

Ondoa kwenye CV ya hadharani: namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi, namba ya nyumba, na namba za simu za wadhamini. Tumezoea kuziandika kwa sababu mfano wa CV tulioukuta shuleni ulikuwa nazo. Tovuti ya wazi inasomwa na yeyote aliyelipia akaunti ya mwajiri, na tapeli naye anaweza kulipia. Namba ya NIDA yenye tarakimu zake 20 inaanza na mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ukiunganisha hiyo na jina na simu, mtu ana karibu kila anachohitaji kujifanya wewe. Kwa wadhamini andika kwamba watatolewa wakihitajika. Serikalini ni tofauti, kule wadhamini wanatakiwa, na tutafika.

Nenda pia kwenye mipangilio ya kila akaunti, uangalie kama CV yako inaonekana kwa waajiri. Akaunti kadhaa huanza zikiwa zimefungwa, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima na CV ambayo ni yeye peke yake anaiona. Kisha ihuishe kila baada ya wiki mbili au tatu. Tovuti nyingi hupanga matokeo kwa ulinganifu wa maneno na kwa tarehe ya marekebisho ya mwisho. CV ya miezi minane iko chini ya zile za juzi. Badilisha kitu halisi: kozi uliyomaliza, sentensi iliyonyooka zaidi, tarehe unayoweza kuanza.

Halafu baruapepe na simu. Kama baruapepe yako ilifunguliwa na fundi wa steshenari, uliza kwanza ilifunguliwa kwa namba ya nani. Mara nyingi ni namba yake, au ni laini uliyoitupa, na siku utakapotakiwa kuthibitisha kwa msimbo, msimbo utakwenda usikokufikia. Badilisha neno la siri leo, weka laini yako ya sasa kuwa ya kurejesha akaunti, na uangalie kikasha cha barua taka, maana miito ya usaili huangukia humo. Kwenye CV weka namba moja inayopatikana mchana na yenye WhatsApp. Ukisafiri kwenda kijijini Mpwapwa au Chemba ambako mtandao unakatika, ongeza namba ya pili ya ndugu anayejua kwamba unatafuta kazi, na umweleze apokee vipi.

Kuhusu tovuti sita: mbili zinatosha. Zipo tovuti zinazohifadhi CV na kuuzia waajiri nafasi ya kutafuta, na zipo zinazonakili matangazo tu kutoka magazetini na tovuti nyingine, zikaweka kitufe cha kupandisha CV ambacho hakimfikishi mwajiri yeyote. Utazitambua hizi za pili kwa tangazo lisilo na jina la kampuni, au lenye tarehe iliyopita, au linalokuhamisha kurasa tatu za matangazo ya biashara kabla ya kuona maelezo. Zitumie kama ubao wa kujulia habari: ukiona nafasi, tafuta tovuti ya mwajiri mwenyewe, uombe hapo. Kwa kazi za mashirika ya kimataifa na ya misaada, ReliefWeb ina matangazo yenye maelekezo kamili. LinkedIn inafaa kwa uhasibu; weka mji kuwa Dodoma, na katika mpangilio wa kuonyesha kwamba unatafuta kazi unaweza kuchagua waone waajiri peke yao au watu wote. Washa taarifa za kazi za "Dodoma", lakini washa pia za "Tanzania" nzima, kwa sababu kampuni yenye makao Dar es Salaam huandika Dar kwenye tangazo hata kama kituo cha kazi ni Area D. Jisajili pia TaESA, huduma ya ajira ya serikali inayounganisha watafuta kazi na waajiri.

Muda mwingi utumie kuomba, siyo kupandisha. Maombi matano kwa wiki yaliyorekebishwa kwa kila tangazo yana thamani kuliko hamsini ya faili moja. Kurekebisha maana yake ni kuhamisha juu yale tangazo linayataka kwanza, kutumia jina la nafasi kama lilivyoandikwa, na kuandika barua ya aya tatu isiyoweza kutumwa kwa mwajiri mwingine. Ukituma kwa baruapepe, kichwa cha ujumbe kiwe kama tangazo lilivyoelekeza, na ndani uandike mistari minne au mitano. Ujumbe mtupu wenye kiambatisho hufutwa. Weka daftari: tarehe, mwajiri, nafasi, tangazo ulilionaje, toleo la CV ulilotuma, mwisho wa maombi, jibu. Baada ya maombi thelathini ya namna hiyo bila mwito, tatizo bado ni faili au unalenga nafasi zisizolingana na sifa zako. Ukiitwa mara tatu nne bila kupata, achana na CV, kafanyie kazi usaili.

Na soma saa kwa makini. Tangazo la shirika la kimataifa likisema mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za New York, kwetu ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata, au saa 1:59 wakati wao wako kwenye saa za majira ya baridi. Lakini tangazo la hapa nchini ni saa za hapa, na mfumo hulemewa jioni ya mwisho wakati kila mtu anapakia vyeti kwa pamoja. Maliza siku mbili kabla.

Ajira Portal

Mfumo huu ni wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Hautafuti mtu kwenye akaunti yake ukamwita. Kujiandikisha ni kufungua mlango tu. Kila tangazo lazima uliombe peke yake, kwa kuingia kwenye akaunti, kulichagua na kulituma. Kama umejiandikisha mwezi wa kwanza na hujabonyeza kuomba nafasi yoyote, Sekretarieti haina ombi lako.

Kama umeomba na hujaitwa, kagua kwa utaratibu huu. Majina: yale yaliyo NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne yawe sawa, herufi kwa herufi na kwa idadi. Neema Juma Mgogo na Neema J. Mgogo ni chanzo cha usumbufu. Tofauti ya jina zima inahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, na huipati kwa siku moja, kwa hiyo anza sasa. Vyeti: matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo (result slip), matokeo ya muda na ushuhuda wa chuo havikubaliki. Pakia cheti chenyewe, kidato cha nne kikiwamo, pamoja na matokeo ya masomo ya chuo (transcript). Aliyesoma nje ya nchi au kwa mitaala ya nje anapitia kwanza TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (sekondari) kuhakikiwa. Tangazo likitaka nakala zilizothibitishwa na wakili, muhuri uwe juu ya nakala unayoipakia, siyo kwenye karatasi ya pembeni. Umri: matangazo mengi yanataka usiozidi miaka 45.

Barua ya maombi iwe na saini yako, ielekezwe kwa Katibu kwa anwani iliyoandikwa kwenye tangazo, na itaje nafasi hiyo. Barua ya zamani ya nafasi nyingine iliyobaki kwenye akaunti ni kosa la kila siku. Wadhamini wawe watatu, wenye simu zinazopokelewa, na uwaambie kabla.

Kisha jaza visanduku vyote, hata kama taarifa zimo kwenye CV uliyoambatisha: elimu, uzoefu, mafunzo, lugha, kompyuta. Mchujo wa awali unaangalia sifa ulizozijaza kwenye mfumo. Mwenye stashahada ambaye hakuijaza kwenye sehemu ya elimu anaonekana ana kidato cha nne. Na usiombe nafasi inayotaka shahada kwa matumaini kwamba uzoefu utafidia. Serikalini sifa ya elimu haifidiwi.

Vyeti viskani vizuri. Ukitumia simu, fanya hivyo mchana karibu na dirisha, bila taa ya kamera, maana cheti kilicholaminishwa kinang'aa na namba zinapotea. Kwenye skana ya steshenari omba rangi ya kijivu na ubora wa nukta 150 kwa inchi; karatasi ya A4 inasomeka vizuri na faili linabaki dogo. Lenga chini ya MB 1 kwa kila cheti. Faili kubwa hukataliwa au hukwama katikati, ukaondoka ukidhani limepanda. Baada ya kupakia, lifungue tena ndani ya mfumo ulione kwa macho.

Majina ya wanaoitwa hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti, usisubiri simu. Ukiitwa, ingia kwenye akaunti uchukue namba yako ya usaili uihifadhi, kwa sababu siku ya usaili haitolewi. Nenda na kitambulisho na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, na hapo sisi wa Dodoma tuna unafuu mkubwa pale usaili unapofanyika mjini kwetu. Nafasi za halmashauri, kama Chamwino, Bahi au Kongwa, mara nyingi huelekezwa kupitia mfumo huo huo lakini barua huandikiwa Mkurugenzi, kwa hiyo soma tangazo kabla ya kunakili barua ya mwanzo.

Elfu thelathini na tano

Tovuti au wakala halali analipwa na mwajiri. Sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala wa ajira awe amesajiliwa, na kuomba kazi Ajira Portal ni bure. Anayekutaka pesa ya "kupeleka CV", "fomu", "vipimo vya afya" au "sare" kabla ya mkataba anauza matumaini yako, na akipata 35,000 atarudi na ada ya pili, kwa sababu aliyelipa mara moja ndiye anayelipa tena. Muulize mambo matatu: jina la kampuni, kituo cha kazi, na ofisi iko wapi. Kisha usipige namba aliyokupa. Tafuta mwenyewe namba ya kampuni hiyo uulize. Ujumbe wake wa maandishi utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kwa kuwa taarifa zako zimeshamfikia, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ifungwe.

Kwenye anwani za tovuti, angalia herufi za mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza. Za serikali zinaishia na .go.tz. Neno "ajira" au "utumishi" mwanzoni halithibitishi chochote. Baruapepe ya Gmail, kwa upande mwingine, siyo ushahidi wa utapeli. Duka kubwa la Majengo au hoteli ya kawaida ya hapa mjini inaweza kutumia Gmail kwa nia njema kabisa. Kinachowatofautisha ni pesa na anwani: huyu anakwambia njoo ofisini na vyeti, yule anakwambia tuma kwanza.

Waajiri wadogo wa hapa mjini, wenye duka, shule binafsi, famasia, SACCOS na wakandarasi wadogo, hawaingii kabisa kwenye kanzidata za CV. Kwao peleka nakala mkononi siku za katikati ya wiki, asubuhi, ukimwulizia mhasibu au meneja, siyo mlinzi. Uzoefu wako wa saruji na nondo ni kitu kinachotafutwa na kila mwenye hadiwea mji unavyojengwa, na huenda ukawa njia fupi kuliko tovuti zote sita.

Kuhusu kuzifuta: bakiza mbili ulizozihakiki, nne zifunge. Kufuta programu kwenye simu hakufuti CV. Ingia kwenye akaunti, futa faili la CV kwanza, kisha namba ya simu, ndipo ufunge akaunti. Tovuti isiyo na kitufe cha kufunga iandikie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kudai taarifa zako zirekebishwe au zifutwe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Maneno haya yanatosha: "Ninaomba mfute akaunti yangu, CV na taarifa zangu zote binafsi zilizo kwenye mfumo wenu, na mnithibitishie kwa maandishi zikishafutwa. Baruapepe niliyojisajilia ni hii ninayoandikia." Tuma kutoka kwenye baruapepe hiyo hiyo, weka nakala, na tarehe uliyotuma iandike kwenye lile daftari.